Tuvirudishie vyakula vyetu majina yake

Msafiri arejeaye kutoka ng'ambo huulizwa mambo mawili: kaona nini, na kala nini. Swali la kwanza hujibiwa kwa picha. La pili hujibiwa kwa maneno, na ndilo ningependa kulijadili leo, kwani latuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko linavyodhaniwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Ufaransa kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Jioni ya mwisho wenyeji wetu walitualika katika mkahawa mmoja wa kifahari mjini Lyon, mji ambao Wafaransa wengi huuhesabu kuwa kitovu cha upishi wao. Tuliketi mezani kwa zaidi ya saa tatu. Na baada ya vitangulizi na shamrashamra zote hizo, tulichoandaliwa kilikuwa kuku.

Lakini kabla hatujamwonja, mhudumu alisimama kando ya meza akatueleza kuku yule ni nani. Alitoka Bresse, eneo lililo kaskazini mwa Lyon. Ni wa manyoya meupe na miguu ya rangi ya samawati. Alilishwa nafaka na maziwa, akaachwa atembee majanini. Jina lake linalindwa na sheria ya mwaka wa 1957, hata mfugaji wa eneo jingine hana ruhusa ya kuliazima. Mhudumu aliyasema hayo yote kwa Kifaransa, polepole, bila kuona haya, kisha ndipo akatafsiriwa kwa ajili yetu wageni.

Ladha ya kuku yule imeanza kufifia katika kumbukumbu yangu. Maneno ya mhudumu hayajafifia hata kidogo. Nilipoyatafakari baadaye niling'amua kwamba sehemu kubwa ya bei ya mlo ule, ambayo kwa bahati njema sikuilipa mimi, ilikuwa ni bei ya jina. Kuku ni kuku. Kuku mwenye kwao, mwenye nasaba na historia inayosimuliwa mezani, ni mali.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Mwaka wa 1890, mpishi Mfaransa Auguste Escoffier alianza kazi katika hoteli ya Savoy jijini London. Waingereza wakala katika mji wao wenyewe huku wakisoma orodha ya vyakula kwa Kifaransa. Mwaka wa 1900 kampuni ya magurudumu ya Michelin ilitoa kijitabu cha kuwaongoza wenye magari. Kuanzia mwaka wa 1926 kijitabu hicho kikaanza kuitunuku mikahawa nyota, na hadi leo wapishi wa mabara mbalimbali hukesha wakizililia. Maneno yenyewe tuyatumiayo ni ushahidi tosha: "menyu" ni neno la Kifaransa, na "shefu", mkuu wa jikoni, vilevile. Anayevipa vitu majina ndiye anayevipangia thamani.

Kilele cha juhudi hizo kilifikiwa mwezi wa Novemba mwaka wa 2010, pale UNESCO ilipouorodhesha mlo rasmi wa Wafaransa, wenye kitangulizi, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini na kitindamlo, kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Upishi wa jadi wa Mexico na mlo wa nchi za Mediterania uliingizwa katika orodha hiyo wakati huohuo. Je, msomaji wajua uamuzi huo ulipitishiwa wapi? Hapa hapa kwetu, jijini Nairobi, ambako kamati ya UNESCO ilikuwa ikikutana.

Sisi tulikuwa wenyeji wa sherehe ya chakula cha wenzetu. Si vibaya, ukarimu ni sifa yetu. Hata hivyo, ni halali tujiulize: wajumbe wale walipotoka mkutanoni na kuingia katika mikahawa yetu mikubwa, je, wangeyaona majina ya vyakula vyetu kwenye orodha?

Nasita kujibu ndiyo. Niliporejea kutoka Lyon, niliwahi kula katika hoteli moja kubwa ya ufuoni, katika pwani yetu. Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiingereza kilichorembwa kwa Kifaransa. Humo mlikuwa na "samaki katika mchuzi wa nazi", maneno hayo yakiwa yameandikwa kwa lugha ya kigeni. Nilimwuliza kijana aliyenihudumia kama huyo hakuwa samaki wa kupaka, na ni samaki gani hasa. Alitazama nyuma kwanza, kisha akainama na kuniambia kwa sauti ya chini: "Ndiye huyo huyo, bwana. Ni nguru. Lakini hapa tumefundishwa tusimwite hivyo."

Kijana huyo alikuwa mzaliwa wa papo hapo. Lugha iliyolizaa jina la chakula alichobeba mkononi ilikuwa lugha yake ya mama, naye alilazimika kuitamka kama mtu atoaye siri. Mhudumu wa Lyon na huyu wa kwetu walifanya kazi moja. Tofauti ni kwamba mmoja alifundishwa kusema na mwingine alifundishwa kunyamaza.

Hasara yake ni kubwa kuliko fedheha. Jina "samaki wa kupaka" lina elimu ndani yake: lasema kwamba samaki huyo hubanikwa kwanza, kisha hupakwa tui lililokolezwa viungo. "Mkate wa kumimina" wasema unga wake haukandwi, bali humiminwa. "Mukimo" watokana na kitenzi cha Kikuyu chenye maana ya kuponda. Ukilifuta jina, umeifuta kanuni ya upishi. Ndiyo sababu vitenzi kama kubanika, kutokosa na kupwaza vinawatoka vijana wetu midomoni, na mahali pake panachukuliwa na vitenzi vya Kiingereza vilivyovishwa kiambishi cha "ku".

Isitoshe, hebu tuitazame lugha yetu ya kila siku sokoni. Mfaransa humwita kuku wake kwa jina la eneo. Sisi twasema "kuku wa kienyeji". Managu, terere, saga, mrenda na kunde, ambazo ni mboga tofauti kwa ladha, kwa upishi na kwa asili, twazitia zote katika kapu moja la "mboga za kienyeji". Neno hilo halisemi kitu chatoka wapi. Lasema tu kwamba hakikutoka ng'ambo. Mgeni hawezi kulipia zaidi kitu ambacho mwenyeji mwenyewe hakukipa hata jina lake kamili.

Najua atatokea wa kunikosoa kwamba mambo ya mikahawa ya kifahari ni anasa, na kwamba katika nchi ambayo wapo wanaolala njaa, kujadili majina ya vyakula ni kuchezea maneno. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini na tujiulize ni nani anayepunjwa jina linapofutwa. Mwenye hoteli hapati hasara. Hasara ni ya mvuvi aliyemvua nguru, ya mkulima wa managu, na ya mama aliyeirithi kazi ya upishi kwa bibi yake, ambao bidhaa na ujuzi wao huuzwa kama vitu visivyo na mwenyewe. Mfugaji wa Bresse hula kwa jasho lake, lakini hula pia kwa jina lake.

Wala lisidhaniwe kuwa jambo hili ni la Wazungu pekee. Mwezi wa Februari mwaka wa 2024, mpishi mzaliwa wa Nigeria, Adejoké Bakare, alitunukiwa nyota ya Michelin kwa mkahawa wake ulioko London, katika jiji lile lile lililosomeshwa Kifaransa na Escoffier. Mkahawa huo waitwa Chishuru. Ni neno la Kihausa, lenye maana ya kimya kinachotanda mezani pindi chakula kinapoletwa. Kihausa kimeingia mlango wa mbele London. Sembuse Kiswahili kuingia Mombasa?

Huku kwetu msingi upo. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka wa 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya jadi kuwa mfano bora wa kuigwa, na miongoni mwa kazi za mradi huo ilikuwa ni kuwashirikisha wanafunzi wa shule za msingi katika kuvitambua na kuviorodhesha vyakula hivyo. Watoto walikwisha kuianza kazi. Wakubwa ndio tuliosalia nyuma.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vinavyofundisha kazi za hoteli vimfunze mwanafunzi kukieleza chakula cha kwao kwa Kiswahili fasaha, kama anavyofunzwa istilahi za Kifaransa. Pili, hoteli ziliandike jina la chakula kwanza, na maelezo kwa lugha za wageni yafuate chini yake. Tatu, na hili ni letu walimu: likizo ijayo kila mwanafunzi atumwe kwa nyanya yake akiwa na daftari, aandike jina la chakula kimoja, kitenzi cha kukipika, na mahali kinakotoka.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nami namtakia yule kijana wa ufuoni siku atakapoiweka sahani mezani, asimame wima, na aseme kwa sauti ya kusikika: huyu ni nguru, na hivi ndivyo tunavyompaka.