Hadi Lini Mfinyanzi Atalia Gaeni?

Mhariri aliniomba niandike ripoti ya ziara ya Chama chetu cha Kiswahili, ile ya muhula wa pili tulipozuru makumbusho ya mkoa. (Nasema mkoa kwa mazoea tu. Tangu 2013 sisi ni watu wa kaunti, lakini ulimi haujakubali.) Ripoti yenyewe ni fupi. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, basi likapata pancha, tukafika saa tano, tukala mkate na soda, tukarudi. Yaliyobaki si ripoti bali ni maoni yangu. Mwenye kukasirika na akasirike, ila tafadhali asichane ukurasa huu kwani nyuma yake pana shairi la mwenzangu.

Siku hiyo palikuwa na maonyesho ya sanaa. Picha za rangi zilikuwa zimetundikwa ukumbini, kila moja na kikaratasi chake: jina la picha, jina la mchoraji, mwaka na bei. Bei zenyewe zilitufanya tutazamane. Msanii mwenyewe alikuwa amealikwa azungumze na wanafunzi. Jina lake sitalitaja, wala la makumbusho, maana nia yangu si kumchongea mtu.

Msanii akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa Kiingereza, tena kile cha juu kabisa, kwa dakika arobaini. Sisi tukitikisa vichwa kama mijusi ukutani. Jirani yangu alichapa usingizi hadi kalamu ikamdondoka. Sisemi kwamba Kiingereza hatukijui, la hasha! Tunakijua cha mtihani. Lakini mtu anapoeleza kilichomkera moyoni hata akashika brashi, halafu akakieleza kama anayesoma taarifa ya benki, maneno hupita juu kama ndege za wageni.

Kisha ukafika wakati wa maswali. Kimya. Ndipo msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye kwa kawaida hata darasani haongei, akainuka na kuuliza kwa Kiswahili, "Samahani, kaka, mbona huyu mama kwenye picha hana uso?"

Jamani, mngemwona yule msanii! Alicheka, akatoa mikono mifukoni kwa mara ya kwanza, akasogea mbele. Akasema, kwa Kiswahili, kwamba uso alikuwa ameuchora. Aliuchora mara tatu na mara zote tatu akaufuta, maana kila akimaliza aliona ni mama yake mzazi, naye hakutaka kumtundika mama yake ukutani akiwa na huzuni. Ukumbi mzima ulinyamaza, na safari hii haukuwa ule unyamavu wa kwanza. Mikono kumi ikapanda. Mwelekezi wa shughuli akatazama saa yake, akatangaza kwamba muda umekwisha, twende tukaone nyoka.

Nikauliza moyoni, kwani tulikuja kuona nyoka?

Basi hapo ndipo pana hoja yangu ya kwanza, na nitaipita upesi kwa kuwa haihitaji maneno mengi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kama ni rasmi bungeni na mahakamani, itakuwaje iwe mgeni katika ukumbi wa sanaa? Wengine husema ati Kiswahili hakina msamiati wa sanaa. Hawa hawajatafuta. Kuna kufinyanga, kuchonga, kusuka, kunakshi, kutarizi, kufua vyuma, na kila kitenzi kina fundi wake. Yanayopungua tutayaunda, lakini hayaundwi na watu walionyamaza.

Hoja ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi.

Katika kupita pita kuelekea kwa nyoka, tulipitia chumba chenye makabati ya vioo. Humo mlikuwa na mikuki, vibuyu, viti vya miguu mitatu, ngoma. Na chungu kimoja cha maji, cheusi kidogo upande mmoja, chenye nakshi shingoni. Nilisimama. Wenzangu wakanipita.

Nakshi ile naijua. Nyanya yangu, mama mzaa mama, ni mfinyanzi. Nimemwona akiiweka tangu sijaanza shule. Udongo huutoa bondeni karibu na mto, si kila mahali, kuna udongo unaokubali na udongo mkaidi. Huuloweka, huukanyaga, huutoa vijiwe kimoja kimoja, kisha huuchanganya na unga wa magae yaliyosagwa, yaani vyungu vilivyovunjika hurudi ndani ya vyungu vipya. Hana gurudumu. Huviringisha udongo kama mkia wa ng'ombe, akauzungusha pete juu ya pete, naye huzunguka chungu badala ya chungu kumzunguka. Hulainisha kwa kipande cha kibuyu na kijiwe cha mtoni ambacho hataki mtu akiguse. Kisha huchukua kikamba kifupi alichokisokota mwenyewe, akakibingirisha shingoni mwa chungu kungali kubichi, na pale kinapopita huacha alama kama nyayo za mdudu. Chungu hukauka kivulini siku kadhaa. Siku ya kuchoma, anga ikitishia mvua, hatuongei naye. Kikitoka motoni hukigonga kwa kidole. Chenye ufa humwambia chenyewe.

Sisemi kile cha kabatini kilikuwa chake. Pengine kilifinyangwa na shangazi yake, au na mtu wa kijiji kingine kabisa. Sitajua kamwe, maana kikaratasi kiliandikwa hivi: chungu cha maji, udongo, na jina la kabila. Basi. Hapakuwa na jina la mtu. Picha zote ukumbini zilikuwa na wenyewe, hata ile ndogo iliyokuwa karibu na choo. Chungu kilikuwa na kabila. Ati kabila zima lilikaa chini likafinyanga chungu!

Nimejaribu kuelewa jambo hili lilianzaje, na mwalimu wa historia alinisaidia. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka wa 1910 na chama cha watu waliopenda kukusanya viumbe: ndege, vipepeo, mende, mimea. Kitale nako, makumbusho ya kwanza ya mikoa ya bara yaliyofunguliwa 1974 yalitokana na vitu vilivyokusanywa na mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham. Sasa, mtu aliyezoea kukusanya wadudu huandika nini? Huandika aina ya mdudu na mahali alipookotwa. Hamwulizi mdudu jina. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, vyungu vyetu viliingia makumbusho kwa mlango ule ule wa vipepeo.

Sasa tutazame upande wa pili. Huko Nigeria, katika kijiji cha Kwali, aliishi mwanamke aliyefinyanga vyungu vya maji na kuvichora mijusi na nge. Vyungu vyake vilikuwa nyumbani kwa Emiri wa Abuja, vikikaa tu kama vyombo vya nyumbani. Mwingereza mmoja, Michael Cardew, aliyekuwa huko kufundisha ufinyanzi, akaviona, na mwenye kuvifinyanga akajulikana. Mwaka wa 1954 mwanamke huyo akajiunga na chuo cha ufinyanzi cha Abuja. Jina lake ni Ladi Kwali. Leo hii ukishika noti ya naira 20, nyuma yake utamwona akiwa na chungu chake. Mfinyanzi kwenye pesa za nchi! Sisi kwenye noti zetu tumeweka marais, tukaja tukaweka majengo.

Wala kisa hakiishii Nigeria. Mwaka wa 1974 msichana wa Kenya, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa akisomea sanaa Uingereza, alikwenda Abuja akajifunza kwa akina mama wale wale, Ladi Kwali akiwamo. Huyo ni Magdalene Odundo. Hadi leo hujenga vyungu vyake kwa mikono, bila gurudumu, akavisugua mpaka vikang'aa kabla ya kuvitia motoni. Kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na British Museum ni mojawapo. Hakuna anayethubutu kuandika chini yake "chungu, udongo, Mkenya".

Nilipomsimulia nyanya habari za Odundo, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yeye huchomea nini, kuni au nyasi?" Sikuwa na jibu. Hilo swali msanii mwenzake angelijua, na wangekaa wakaongea hadi jua kuzama. Ndipo nikasema, tazama, huyu bibi ndiye aliyestahili kukalia kile kiti cha mgeni wa heshima.

Rafiki yangu tunayekalia dawati moja alinipinga vikali. Alisema chungu cha nyanya ni cha kutia maji, nayo sanaa ni ya kutazamwa, kwa hivyo nisichanganye. Nikamwuliza, siwa za Lamu na Pate, ile ya shaba na ile ya pembe ya ndovu zilizomo katika makumbusho ya Lamu, si zilikuwa za kupulizwa? Milango ya Lamu si ya kufungua na kufunga? Hakuna aliye na haya ya kuiita sanaa. Akaja na jingine: haya hayatatokea kwenye mtihani. Hapa nakiri alinishika kidogo. Sisi wa 8-4-4 tulio mkiani, sanaa tuliisikia kwa mbali. Lakini wadogo zetu wa Gredi ya 10, walioanza Januari 2026, wana mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Watafundishwa na nani namna ya kujua udongo mkaidi? Kitabu hakina harufu.

Tena si kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Katika miaka ya 1990 Kuona Trust ilianza kazi zake pale pale kwenye makumbusho ya Nairobi, wasanii wakichora na kuchonga na watu wakiwatazama. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka huko Kisii, alitoka kwenye jiwe lile lile la Kisii ambalo wenzake wanalichonga kando ya barabara, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma zima la Kijaluo, nyumba ya mke mkubwa, za wake wenzake na ya mwana. Mahali pa kukalisha mfinyanzi hapakosekani katika nchi hii. Kinachohitajika ni kigoda, ndoo ya maji na udongo.

Naomba nieleweke. Yule mchoraji sina ugomvi naye, aalikwe tena, hata kesho, na mumpe saa mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachotaka ni kwamba karibu na kiti chake kuwe na kigoda cha mwenyeji. Wachoraji wanaongea kuhusu kazi zao kwa kuwa wanaulizwa. Akina mama wetu hawaulizwi, kisha tunasema sanaa yao ya jadi inakufa. Nyanya ana miaka sabini na mitatu. Binti zake watatu hakuna aliyejifunza. Sufuria na mitungi ya plastiki imejaa sokoni na chungu chake kimoja huuzwa bei ya soda mbili. Wakati mwingine hakiuzwi, anakirudisha nyumbani kichwani. Na siku za soko hupita mbele ya lango la makumbusho yale yale. Nilipomwuliza kama amewahi kuingia, alisema alidhani ni ofisi ya serikali.

Mlezi wa chama ameahidi kutuandikia barua kwa msimamizi wa makumbusho muhula ujao. Tumeshaandika nakala ya kwanza, kwa Kiswahili, na tumeomba mambo mawili tu: vile vikaratasi vya vyungu viachiwe nafasi ya jina pale litakapojulikana, na Chama chetu kiruhusiwe kuja na mgeni wake siku ya mazungumzo. Nyanya anajua Kiswahili cha sokoni, cha kuparuza, lakini kinauza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwuliza kama atakubali. Alikuwa akisaga magae. Hakusema ndiyo wala la. Aliuliza kama huko ndani wanaruhusu mtu kuingia na udongo, na kama sakafu yao ni ya vigae, maana atachafua. Nimemwambia nitauliza.