NANI ATASEMA KWA AJILI YA MZEE ALIYE KITANDANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Mwezi wa Novemba 2023 shirika la habari la BBC lilitoa picha zilizopigwa kwa siri ndani ya nyumba moja ya wazee huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Wengi wenu mliziona. Wazee wanapigwa na wale wale waliowekwa kuwatunza, na habari yenyewe ilieleza jinsi walivyonyimwa chakula na matibabu. Tukatikisa vichwa. Tukasema, haya ni mambo ya Kizungu, kumweka mzee nyumba ya kulea. Mwafrika hutunzwa na watoto wake. Kisha tukarudi kazini.

Mimi nasema maneno hayo ni ya kukwepa. Watoto gani? Mmoja yuko Ghuba anaendesha lori, mwingine yuko Nairobi katika chumba kimoja cha mabati na watoto wanne. Wako wazee ambao hawakuzaa, na wako waliozika wote waliowazaa. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kuliko wengine. Mtu alianza kazi Voi, akahamishwa Makindu, akahamishwa Nakuru, miaka thelathini katika nyumba za reli, na siku ya kustaafu akarudisha ufunguo. Shamba hana. Serikali humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mpango wa Inua Jamii, lakini mpaka awe na miaka 70 na awe ameandikishwa. Katiba ya mwaka 2010 yasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60, na kifungu cha 57 chasema ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake NA SERIKALI. Someni neno hilo la mwisho mara mbili. Basi nyumba za wazee zipo na zitaongezeka. Tusibishane tena kama ni za Kizungu ama si za Kizungu. Tuulize zinaendeshwa namna gani.

Wako watakaosema, dawa yake ni pesa na wakaguzi. Watazame Uingereza, ambako pesa zipo na wakaguzi wapo. Huko kulikuwa na kampuni iitwayo Southern Cross yenye nyumba za wazee kama 750 na wazee 31,000. Mabwana wa fedha waliyauza majengo, kisha kampuni ikawa mpangaji katika nyumba ilizokuwa ikikaa. Kodi ikapanda kila mwaka, kampuni ikashindwa kulipa, na mwaka 2011 ikaanguka. Wazee 31,000 hawakujua watalala wapi! Kampuni nyingine zikabidi kuzichukua nyumba hizo.

Moja ya nyumba zake iliitwa Orchid View, katika jimbo la West Sussex. Ilifunguliwa mwaka 2009, nzuri kama hoteli. Mwaka 2010 wakaguzi wa serikali wakaiandikia kwamba ni njema. Mwaka 2011 ikafungwa. Mwezi wa Oktoba 2013, hakimu anayechunguza vifo alimaliza kuchunguza vifo vya wazee 19 wa nyumba hiyo. Akasema wote hawakutunzwa ipasavyo, na ya kwamba kutojaliwa kulichangia vifo vya watano. Watu hawakutosha kazini, kengele za wagonjwa zililia bila mtu kuja, na dawa zilitolewa ovyo.

Ndugu, nani aliyeitoa siri? Si mkaguzi. Ni karani mmoja mwanamke wa pale ndani, aliyeambiwa azichane karatasi za dawa za mzee mmoja kabla mzee huyo hajapelekwa hospitali. Alikwenda kusema, polisi wakaitwa.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mkaguzi huja na barua mbele. Sisi twajua, mkubwa akitangazwa kupita katika njia yetu, siku tatu kabla mawe yanapakwa chokaa na majani yanafyekwa, na yeye hupita akifurahi. Lakini nati iliyolegea huijua yule anayepita njia hiyo kwa miguu kila asubuhi na nyundo yake. Katika nyumba ya wazee, mtu huyo ni yule msichana wa zamu ya usiku. Mzee aliyepooza hawezi kuandika barua. Asemapo, husemwa kichwa chake kimechoka. Aliyeona ni msichana yule, na yeye akifungua kinywa kesho yuko nje ya lango na nguo zake katika mfuko. Ndiyo sababu pale Kikuyu ilibidi ifichwe kamera.

Mwaka huu nilikwenda kumtazama mzee aliyekuwa katika gengi letu zamani. Sitaitaja nyumba aliyomo. Nilifika jioni. Shuka ilikuwa na maji tangu asubuhi, na mgongoni alikuwa na kidonda cha kulala upande mmoja. Alinificha kwanza, maana alikuwa mtu wa kujiheshimu sana, aliyefua nguo zake mwenyewe hata kambini. Nilitaka kugomba. Nikamtafuta mhudumu, nikamkuta ni binti wa miaka kama ishirini na miwili, peke yake, na wazee kumi na wanane wa kugeuza, kuosha na kulisha mpaka alfajiri. Mshahara wa miezi miwili hajaupata. Nani angegomba na huyo?

Simtetei anayempiga mzee. Huyo apelekwe kortini. Lakini yeye akifungwa na bwana wake akaajiri mwingine mmoja kwa wazee kumi na wanane, tumefanya nini? Misheni walitufundisha amri ya kuwaheshimu baba na mama. Hawakutufundisha ya kwamba heshima hiyo yaweza kufanywa na mtu mmoja mwenye njaa usiku kucha.

Na wale wanaotaka kwenda ng'ambo kwa kazi hii wasikie pia. Uingereza iliwafungulia mlango wahudumu wa nyumba za wazee mwaka 2022, na mwezi wa Julai 2025 ikaufungia walio wapya. Ruhusa ya wale walioingia ilishikamana na mwajiri. Mtu ambaye akifukuzwa atafukuzwa na nchini, atasema nini juu ya aliyoyaona?

Kifungu cha 41 cha Katiba champa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Ndugu zetu wa KUDHEIHA wana wahudumu wa nyumbani na wa mahospitali. Chama chetu kiwaandikie, tuingie pamoja nao katika nyumba hizi, tudai hesabu ya wahudumu kwa kila zamu ibandikwe mlangoni, na mwenye kutoa habari asiguswe.

Katika mkutano wa tawi ujao nitasimama na jambo hili. Atakayeniunga mkono alete jina la nyumba ya wazee iliyo karibu na stesheni yake, na idadi ya watu wanaolinda usiku. Aende mwenyewe akaone, na asiende mchana.

Mfanya Kazi wa Reli,
Nairobi