Pocahontas na Mahindi Yaliyogeuzwa Zawadi

Filamu ya katuni ya Pocahontas ilipozinduliwa Juni 1995, kampuni ya Disney haikutosheka na ukumbi wa sinema. Ilisimamisha skrini kubwa katika bustani ya Central Park, New York, na watu wapatao laki moja wakaketi nyasini kuitazama. Tangu usiku ule watazamaji hawajaelewana. Wapo wanaoiona kuwa hadithi tamu ya mapenzi yenye nyimbo zisizochosha. Wapo wanaoiona kuwa sumu iliyopakwa asali, hasa kwa mtoto ambaye hajasoma lolote juu ya ukoloni wa Waingereza huko Marekani. Nimefuatilia hoja za pande zote mbili, na naona zote zimepita jirani kabisa na kosa kubwa la filamu hii bila kulishika.

Kwa asiyeijua, kisa kinaanza mwaka 1607. Meli ya Kampuni ya Virginia inatia nanga kwenye nchi ya chifu Powhatan. Binti yake, msichana mkubwa anayekimbia msituni na wanyama wake, anakutana na John Smith, Mwingereza mwenye nywele za dhahabu. Wanapendana. Smith anakamatwa na kuhukumiwa kifo, binti anajitupa juu yake, baba analegeza moyo. Gavana Ratcliffe, mlafi wa dhahabu, anafyatua bunduki na kumjeruhi Smith, kisha anafungwa na watu wake mwenyewe. Smith anarudishwa kwao kutibiwa. Pocahontas anabaki, amesimama juu ya jabali, akiitazama meli ikienda.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Muziki wa Alan Menken na mashairi ya Stephen Schwartz yalishinda tuzo mbili za Oscar, na wimbo mkuu wa filamu unamwambia mgeni wazi kwamba ardhi haimilikiwi kwa kukanyagwa tu. Shujaa ni msichana anayekataa mume aliyechaguliwa na baba, na mwisho anakataa pia kumfuata mpenzi wake ng'ambo. Kabla ya hapo, katuni kubwa za Hollywood hazikumpa mwanamke wa wenyeji wa Marekani nafasi kama hiyo. Sauti yake ya mazungumzo ni ya Irene Bedard, mwenyewe wa asili ya wenyeji. Sauti ya baba yake ni ya Russell Means, kiongozi wa harakati za wenyeji aliyekuwa mstari wa mbele katika mapambano ya Wounded Knee mwaka 1973, mtu asiyenunulika kwa maneno matamu. Means aliisifu filamu hadharani kupita kazi yoyote ya Hollywood kuhusu watu wake, akisema imethubutu kukiri kwamba Waingereza walikuja kuua na kupora. Maneno ya mtu kama huyo yana uzito.

Upande wa pili nao hauna maneno mepesi. Chifu Roy Crazy Horse wa taifa la Powhatan Renape aliishutumu filamu kwa kupotosha historia ya watu wake. Shirley Custalow-McGowan wa kabila la Mattaponi, aliyeitwa kutoa ushauri wakati filamu ikitengenezwa, aliumia alipoona kilichotoka. Na hoja inayosikika zaidi kutoka kwa watazamaji wa leo ni ya umri. Binti huyo, ambaye majina yake halisi yalikuwa Amonute na Matoaka, alizaliwa karibu mwaka 1596. Smith alipokamatwa Desemba 1607, binti alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi, na Smith alikuwa na miaka 27. Kisa cha kuokolewa hakimo katika maelezo aliyochapisha Smith mwaka 1608. Kilitokea kwa urefu katika kitabu chake cha 1624, wakati Pocahontas na Powhatan walikwisha kufa na hakuna wa kumbishia.

Hoja ya umri ni ya kweli, na mzazi yeyote ana sababu ya kushtuka. Lakini inaishia njiani. Tuseme Disney wangemwacha Pocahontas mtoto na kuyafuta mapenzi yote. Kosa zito zaidi lingebaki palepale, na linaonekana katika tukio dogo ambalo watazamaji wengi hawalitaji.

Smith anamweleza Pocahontas kwamba wenzake wamekuja kutafuta dhahabu. Anamwuliza kama kwao ipo, kitu cha manjano chenye thamani. Binti anasema ipo tele, anatia mkono kwenye mfuko na kumpa hindi. Smith anacheka, kisha anamwonyesha sarafu. Baadaye hindi lilelile linawekwa mbele ya Ratcliffe, naye halitaki. Tukio limechorwa kwa upole na somo lake ni zuri: thamani ya mgeni ni madini, thamani ya mwenyeji ni chakula. Mtoto anatoka hapo akijua kwamba mahindi yalikuwa zawadi na walowezi hawakuyajali.

Historia inasema kinyume chake. Walowezi kweli walihangaikia dhahabu, hata wakapeleka London udongo usio na kitu. Kilichowaua, hata hivyo, kilikuwa njaa. Uchunguzi wa pete za miti ya kale umeonyesha kwamba walifika katikati ya ukame wa miaka saba, kuanzia 1606 hadi 1612, mbaya kuliko wowote katika eneo hilo kwa karne nyingi. Kwa hiyo hata Powhatan na watu wake hawakuwa na ziada ya kugawa. Mwanzoni mahindi yalibadilishwa kwa shaba na shoka. Yalipopungua yakadaiwa kwa nguvu. Mapema mwaka 1609, Smith huyuhuyu wa nywele za dhahabu aliingia kwa Opechancanough, ndugu wa Powhatan, akamkamata nywele mbele ya watu wake, akamwelekezea bastola kifuani, na kudai meli yake ijazwe mahindi. Mwenye kutuambia haya ni Smith mwenyewe, kwa majivuno.

Kuanzia hapo mambo yanafuatana haraka. Mwaka huohuo Smith aliungua kwa baruti na kurudi Uingereza. Ratcliffe wa kweli hakurudishwa kwao kwa minyororo. Alikwenda kutafuta mahindi kwa Powhatan na akauawa huko. Walowezi wengi wa Jamestown, makazi ya Waingereza hao, walikufa kwa njaa katika majira ya baridi yaliyofuata, na vita vikaendelea hadi 1614. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1613, nahodha Samuel Argall alimvuta Pocahontas melini kwa hila na kumteka. Masharti ya kumwachilia yalikuwa matatu: mateka wa Kiingereza, silaha zilizochukuliwa, na shehena ya mahindi.

Msichana ambaye katika katuni anatoa hindi kwa mkono wake na tabasamu ndiye, katika maisha yake, aliyewekwa rehani kwa mahindi. Akiwa mateka alibatizwa Rebecca. Aprili 1614 aliozwa kwa John Rolfe, mlowezi aliyefanikisha kilimo cha tumbaku, zao lililoifanya Virginia ilipe na lililozidi kumeza ardhi ya wenyeji. Mwaka 1616 Kampuni ya Virginia ilimpeleka London, apate kuonwa na watu wenye fedha. Alifariki Gravesend mwaka 1617, akiwa na miaka kama 21, na kuzikwa hukohuko. Simulizi ya mdomo ya Mattaponi, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 2007, inaeleza mateso mazito zaidi: kwamba alikuwa na mume, Kocoum, na mtoto, na kwamba alitendewa unyama akiwa mateka.

Kwa nini basi katuni ikaligeuza hindi? Jibu langu ni kwamba mapenzi ya aina hii yana masharti yake. Watengenezaji waliutafuta mfano wa Romeo na Juliet, na kisa hicho kinahitaji koo mbili zinazolingana kwa ukaidi, kila moja na lawama yake. Ndipo unapopatikana ule wimbo wa kabla ya vita, ambapo walowezi na wapiganaji wa Powhatan wanaitana washenzi kwa zamu, muziki mmoja, hasira moja, tusi moja. Kama muziki, wimbo ule unasisimua. Kama maelezo ya ukoloni, unamfanya aliyevamiwa na aliyevamia wawe majirani wawili wasioelewana. Lawama inayobaki anatupiwa gavana mmoja mlafi, na akishafungwa mambo yametulia. Lakini Kampuni ya Virginia ilikuwa na hati ya mfalme James I ya mwaka 1606 na wanahisa waliosubiri faida yao. Ungemfunga gavana huyu, angeteuliwa mwingine. Hata picha ya mwisho ya meli ikiondoka inaacha hisia kwamba wageni wamekwenda zao.

Wapo watakaosema watoto hawatafuti historia kwenye katuni, waachwe wafurahie. Ningekubali kama wahusika wangekuwa wa kubuni. Studio hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, ilikuwa ikitengeneza The Lion King, na kule ililiepuka swali kwa kutomweka binadamu hata mmoja. Hapa ilichagua watu wa kweli, kwa majina yao, ambao wajukuu zao wapo hai Virginia.

Na wajukuu hao walikwisha kuumizwa na hadithi hii ya mapenzi kabla katuni haijazaliwa. Mwaka 1924 jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya rangi iliyowagawa watu kuwa weupe na wasio weupe. Familia kubwa za kizungu zilizojivunia damu ya Pocahontas ziliwekewa nafasi ya pekee ili zisipoteze weupe wao. Wapamunkey na Wamattaponi, ndugu halisi wa binti huyo, wakaandikwa katika kundi la watu wa rangi, kana kwamba hawakuwahi kuwa taifa. Serikali ya shirikisho ilingoja hadi 2015–2016 kuwatambua Wapamunkey, na Januari 2018 ikatambua makabila mengine sita ya Virginia. Hicho ndicho kinachonikera ninapoambiwa ni hadithi tu. Kwa muda mrefu hadithi tu hii iliwapa wengine sifa na kuwanyima wenyewe jina.

Sitaki filamu ifungiwe. Kuificha kungefuta pia kazi ya Means na Bedard, na kungemwacha mtoto bila cha kuuliza. Mzazi anayeitazama na watoto aisimamishe pale kwenye hindi na kuwasimulia habari za bastola na za meli ya Argall kwa kiasi cha umri wao. Mtoto wa miaka tisa anaelewa vizuri sana maana ya kunyang'anywa chakula wakati wa njaa.

Kwa studio, madai ni makubwa zaidi, na yanawezekana kwa sababu Disney wenyewe wameshaonyesha njia. Walipotengeneza Frozen II, iliyotoka 2019, waliandikiana mkataba na vyombo vya Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, kuhusu matumizi ya utamaduni wao, na filamu ikatiwa sauti kwa Kisami cha Kaskazini. Mshauri mmoja anayesikilizwa na kisha kupuuzwa, kama ilivyokuwa 1995, hana nguvu ya mkataba kama huo. Kisa cha mwaka 1613, cha msichana aliyetekwa na baba aliyepangiwa bei ya mwanawe, bado hakijapata filamu yake kubwa ya katuni. Wapamunkey wana makumbusho yao kwenye ardhi yao katika King William County, na Wamattaponi wako katika kaunti hiyohiyo, na kitabu chao kimeshachapishwa. Atakayetaka kukitengeneza anajua pa kubisha hodi.