Ringi za inchi 19 hazisimamishi gari

Najua nimepotea, wiki mbili nzima sijaandika kitu. Testi zilinibana, ya mwisho nimeifanya jana asubuhi na sitaki kuizungumzia. Nilipanga leo niandike kuhusu maji kukatika hapa hosteli kwetu, ila hilo litasubiri, maana maji yenyewe hayana haraka ya kurudi. Jana usiku kantini kumetokea ubishi ambao umeninyima usingizi. Wao walikuwa sita, mimi nilikuwa peke yangu na chipsi zangu, nikazidiwa sauti. Nahamishia ubishi hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kisa chenyewe ni mshikaji wangu, wengi mnamjua, yule mwenye Impreza WRX ya bluu ya mwaka 2003 aliyoachiwa na kaka yake. Gari zuri, la klachi, turbo inapiga mluzi mpaka watu wanageuka. Sasa jamaa kapata hela, kidogo ya bumu na kidogo ya kile kibiashara chake cha kuprinti, na ameamua "kuiboresha breki na miguu". Kuboresha kwenyewe ni hivi: ringi za inchi 19 rangi ya dhahabu, na zile kalipa nyekundu zenye maandishi ya Brembo. Nikamwomba anionyeshe hizo kalipa. Jamani, ni makopo ya plastiki! Ni kifuniko unakibandika juu ya kalipa ya kawaida ili mtu anayepita aone wekundu kwenye matundu ya ringi.

Na katikati ya Desemba gari hilohilo linatakiwa litupeleke watu watano Iringa kwenye harusi ya mwenzetu. Mimi ni mmoja wa hao watano. Kwa hiyo msiniambie niache mambo ya watu.

Tuanze na ringi. Kibandiko kwenye mlango wa dereva wa gari lile kinasema 215/45R17. Hizo namba si mapambo. 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ukuta wa tairi, na 17 ni inchi za ringi. Piga hesabu: ukuta ni milimita 97 hivi, na kipenyo cha tairi zima ni milimita 625. Yeye anataka 225/35R19. Ukuta unashuka hadi milimita 79, kipenyo kinapanda hadi 640. Yaani kapoteza karibu sentimita mbili za mpira kati ya chuma na barabara, halafu tairi zima limekuwa kubwa zaidi kwa asilimia 2.4.

Jamaa mmoja pale mezani akasema asilimia mbili ni nini bwana. Sawa, tuseme si kitu. Ila ujue spidomita yako sasa inakudanganya kwa upande mbaya, inasoma 100 wakati unakwenda 102. Na ujue tairi likiwa na kipenyo kikubwa, nguvu ileile ya breki inakuwa na kazi kubwa zaidi kulizuia, kwa sababu diski imebaki palepale na barabara imekwenda mbali zaidi na ekseli. Kwa maneno mengine, katika mpango wa "kuboresha breki" hatua ya kwanza aliyochukua ni kuzipunguza. Hapo sijataja uzito. Ringi kubwa za bei ya chini kwa kawaida ni nzito, na uzito wa gurudumu ni uzito unaozunguka na usiobebwa na springi. Unausikia ukiondoka, unausikia ukisimama, na shokapu zinausikia kila tuta. Na matuta ya njia zetu mnayajua wenyewe. Shimo moja la usiku wakati wa mvua na ukuta wa milimita 79, ringi inapinda au tairi linapasuka ubavu. Yule jamaa wa Altezza wa hosteli ya jirani mwulizeni ringi zake amezinyoosha mara ngapi kwa fundi, kila mara anasema hii ndo ya mwisho.

"Lakini magari ya mashindano yana ringi kubwa." Hili ndilo lililoshangiliwa sana jana, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ndugu zangu, Subaru hilohilo mnaloliabudu, lililompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 na Petter Solberg mwaka 2003, likishindana kwenye vumbi na mawe linavaa inchi 15. Kumi na tano! Ile 18 inavaliwa kwenye lami, tena lami iliyofungwa, hakuna bodaboda wala mbuzi. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yalikuwa kwenye 15 pia. Na Formula 1, magari yanayopita kilomita 300 kwa saa, yalitumia ringi za inchi 13 mpaka mwaka 2021, ndipo 2022 wakahamia 18. Nakubali breki zao ni za kaboni na haziingii kwenye hesabu yetu, ila mtu asiniambie kwamba inchi ndizo kasi. Wanaoshindana wanachagua ringi kwa swali moja: diski ninayohitaji inaenea humo ndani au haienei? Ikienea, basi. Zaidi ya hapo ni tairi.

Na hapo kwenye diski ndipo kuna ukweli wa Brembo. Breki za kweli za Brembo za WRX STI za miaka ile zina pistoni nne mbele na diski ya milimita 326, na hazikai kwenye ringi ya inchi 16. Zinataka 17, tena si kila 17, inategemea umbo la vijiti. Kwa hiyo mtu akiniambia nimetoka 16 kwenda 17 kwa sababu nafunga breki za STI, namwamkia. Huyo ana sababu. Za mbele zinaingia kwenye WRX ya kawaida bila kelele nyingi, za nyuma zina kazi yake kwa sababu breki ya mkono imo ndani ya diski.

Ila hata huyo ajihadhari. Kuna watu wanafunga breki kubwa mbele tu, nyuma wanaacha zilivyokuwa kwa sababu hela imeisha. Gari limetengenezwa na mizani yake, mbele kiasi fulani na nyuma kiasi fulani. Ukiizidisha mbele peke yake, tairi za mbele zinafika mwisho wa mshiko mapema, ABS inaanza kutetemeka mguuni, na za nyuma bado zilikuwa na kazi ya kufanya ambayo hazijaifanya. Unaweza kutumia hela nyingi ukasimama mbali zaidi kuliko mwanzo.

Sasa nikaulize swali nililowauliza jana nikajibiwa kwa kicheko. Ukikanyaga breki ya WRX ile kwa nguvu zako zote kwenye lami kavu, ABS inafanya kazi au haifanyi? Inafanya. Basi maana yake breki zilizopo zinaweza kuyazidi matairi. Kinachosimamisha gari ni viganja vinne vya mpira vinavyogusa chini. Breki inazuia gurudumu, tairi ndilo linalozuia gari. Kwa hesabu ya darasani: kutoka spidi 100, ukiwa na mshiko wa 0.8 unahitaji kama mita 49 kusimama. Tairi likikauka mshiko ukashuka hadi 0.6, unahitaji karibu mita 66. Hizo mita 16 na ushee ni ndefu kuliko basi. Weka hapo mtoto anayevuka, au lori lililoharibika lenye matawi ya miti barabarani.

Jana nilipotoka kantini nilikwenda pale maegesho na tochi ya simu nikasoma tairi za jamaa. Kila tairi lina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Za kwake zimeandikwa 1214. Wiki ya 12, mwaka 2014. Mimi wakati huo nilikuwa primari, navaa kaptula! Mauwa bado yapo, ndiyo maana anasema ni nzima, lakini ukibonyeza kwa ukucha ni ngumu kama kandambili iliyoachwa juani, na ubavuni kuna nyufa ndogondogo. Na mpango wake ni kwamba hizo inchi 19 zinakuja na tairi zake za mtumba. Nimemwuliza zina tarehe gani, hajui. Hajaangalia. Rangi ya dhahabu ameiangalia.

Sasa niwaambie kwa nini mimi ni mkali namna hii, maana kuna mmoja alisema nina wivu kwa sababu natembea kwa daladala.

Mwaka jana nilirudi kutoka Iringa na baba mdogo kwenye salun yake. Si gari la mbio hata kidogo. Wanaoijua njia wanajua kushuka Kitonga, kona juu ya kona, malori mbele, malori nyuma. Baba mdogo alikuwa anashuka amekanyaga breki muda wote, gia ya juu, tunapiga stori za ukoo. Katikati nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Kidogo akanyamaza. Nikamtazama, mguu unakwenda mpaka chini, anapampu, unarudi nusu, unazama tena. Akaniambia, "Mwanangu, funga mkanda vizuri," kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule ndio ulionitisha. Alishusha gia moja, injini ikalia, akashusha nyingine, akavuta breki ya mkono kidogokidogo, akalisugua gari kwenye ukingo upande wa mlima mpaka likasimama. Kioo cha pembeni kilibaki huko. Tulikaa juu ya jiwe karibu saa nzima bila kuongea, lori zinapita zinatupigia honi.

Kilichotokea hakikuwa udogo wa breki. Mafuta ya breki yalikuwa hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe, fundi alikuwa anaongezea tu yakipungua. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana mguu unazama na kalipa haisikii kitu. Na joto la mteremko si mchezo: kila mita 100 za kimo unazoshuka kwa breki peke yake ni sawa na kusimama kutoka spidi 100 mara mbili na nusu, bila kupumzika. Ukiwa na kalipa ya Brembo ya kweli yenye mafuta ya miaka kumi, unazama vilevile. Ukiwa na ya plastiki, umeizibia hewa juu yake.

Kwa hiyo jamaa yangu, kwa vile najua unasoma (na najua utakasirika), hiki ndicho ningefanya na hela ile. Baki na 17 zako. Nunua tairi nne mpya za saizi ya kibandiko, za daraja la V kwenda juu, maana hilo ni gari la turbo. Weka pedi nzuri, diski zipimwe unene kama zimefika mwisho, na mafuta ya breki yote yatolewe iwekwe DOT 4 mpya, isiwe kuongezea. Usiniletee DOT 5, ile ni ya silikoni, haichanganywi na hizi. Hela ya ringi zile inatosha yote hayo. Kisha ukimaliza chuo ukapata kazi, funga Brembo za kweli mbele na nyuma, na mimi nitakuja kukushikia spana.

Na kama lazima ununue ringi, basi angalau angalia matundu ya boliti. WRX yako ni 5x100. Zile za dhahabu ulizonionyesha picha zimeandikwa 5x114.3, nimeikuza picha nikaona. Yaani hata haziingii kaka! Muuzaji anasema atakuwekea adapta. Adapta, kwenye gari la turbo, Kitonga, watu watano.

Wengine mliokuwa mezani, maoni yapo hapo chini, njooni na namba, msije na vigelegele. Mwenye kutetea makopo ya plastiki aniambie yanapunguza mita ngapi.

Mimi nimeshakata tiketi ya basi la Iringa, siti ya dirishani. Akibadilisha tairi kabla ya tarehe 10 naiuza kwa bei niliyonunulia. Ila tarehe nitazisoma mwenyewe, kwa tochi.