Nakshi na Tafakuri

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ipo mihrabu iliyochongwa kwa matumbawe, pamoja na maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne nyingi baadaye, lakini maandishi yamedumu. Tumbawe litokapo baharini huwa laini na hukubali patasi, likikauka hushupaa. Fundi, basi, hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Ilimlazimu ayaone kwanza moyoni yale aliyokusudia kuyachonga.

Tumeanza huko makusudi, kwani siku hizi neno nakshi likitajwa maofisini hutajwa pamoja na watalii. Hatuwachukii wageni, riziki waletayo inawafikia wengi. Lakini nakshi haikuanza kwa ajili ya macho yao.

Wazee wetu, kwa kuchelea kuchora sura za viumbe wenye roho, hasa katika nyumba za ibada, waliligeukia jani, ua, mtende na wimbi. Hata samaki aonekanaye chini ya miimo ya baadhi ya milango ya Mji Mkongwe amegeuzwa mistari na magamba, hata asiyejua humpita. Wengi huufasiri mtende kuwa ni neema na mnyororo kuwa ni ulinzi, wengine hubisha. Sisi hatuoni haja ya ubishi huo. Mtu anayeinama siku kadha wa kadha juu ya mshipa wa jani moja, akaurudia katika jani la pili na la kumi, amekwisha kuingia katika tafakuri ile ambayo Kurani inawaitia waumini mara nyingi: kuitazama mimea, mvua na bahari na kumkumbuka Aliyeviumba. Na mafundi wa asili ya Kihindi, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walieneza vizingiti vya duara vilivyojaa maua, nao walikuja na jicho lao la ibada. Mitaa yetu imeyapokea yote mawili bila ugomvi.

Tafakuri ya namna hiyo inataka muda, na muda ndio tunaowanyima mafundi. Kazi hupimwa kwa futi na kudaiwa kwa tarehe. Kijana akishajifunza maua mawili ya haraka ya kuchonga masanduku ya dukani, hana sababu ya kukaa miaka chini ya mwalimu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake Desemba 2020, sote tulifahamu kwamba jengo halingoji kikao. Tunawaomba wakuu wanaohusika kwamba kila mkataba wa kukarabati jumba la umma uweke nafasi za wanagenzi wa uchongaji, wenye kulipwa, na fundi mkuu aachiwe kusema kazi itachukua muda gani. Mbao nazo zitafutwe mapema, si baada ya mlango kuliwa na mchwa.

Tena yuko mwenye nyumba ambaye shida inamsukuma kuuza mlango wa babu yake. Huyo asizungushwe maofisini. Apewe msaada wa kuutengeneza kabla mnunuzi hajabisha hodi.