Usifaili "Nil" na Ulilipwa: Unawapea Pesa Yako Bure

Wacha niseme wazi, na ukikasirika ni sawa: mwanamitindo anayefaili "nil" na mwaka mzima amekuwa akilipwa si mjanja. Ameiachia serikali pesa yake mwenyewe, halafu anatembea Mwatate akidhani ameikwepa.

Mimi nafanya kazi hii nikiishi Ronge. Kazi zenyewe haziko hapa. Ni kuamka saa kumi usiku, boda hadi Mwatate, matatu hadi Voi, halafu treni ama basi, ukafike Mombasa ama Nairobi usimame masaa sita ukivalishwa nguo za watu. Siku zingine ni lodge upande wa Tsavo, wanataka sura ya kuweka kwa matangazo. Na Juni ikifika, ushauri kwa kila grupu la mamodo ni uleule: "Enda saiba wakufailie nil, umalizane nao." Jamaa wa saiba anachukua PIN na nywila yako, anabonyeza mara tatu, unamlipa, kwaheri. Hata hajakuuliza kama uliingiza kitu.

Sasa sikiza vile sheria inasema. Mteja akikulipa kwa huduma, na malipo ya mwezi yafike shilingi 24,000 ama zaidi, anafaa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA ndani ya siku 5 za kazi. Hiyo asilimia 5 si kodi yako ya mwisho. Ni pesa ya kutanguliza tu. Hesabu kamili inafanywa wewe ukifaili, kabla Juni 30 iishe.

Chukua mfano. Tuseme 2025 ulipata kazi sita za 30,000. Jumla 180,000. Kila kazi ilikatwa 1,500, kwa hivyo KRA wako na 9,000 yako. Kodi ya shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka ni asilimia 10, kwa hivyo yako inatoka 18,000. Lakini kila mkaazi anapata nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Toa hiyo: kodi yako ni sufuri. Ile 9,000 yote ni ya kudai urudishiwe. (Kama pia umeajiriwa kwingine, nafuu ni moja tu, usiihesabu mara mbili.)

Ukifaili "nil" umesema hukupata kitu, kwa hivyo hakuna cha kurudishiwa. Na vyeti vya ile asilimia 5 viko palepale kwa akaunti yako ya iTax. Yaani umetia sahihi uongo ambao wenyewe wanauona, na umeulipia kwa 9,000. Huo ni ujanja gani?

Usiponisikia hapo, sikiza hapa. Tuseme mwaka ulikuwa mzuri, umeingiza 400,000, na yote imekatwa asilimia 5, yaani 20,000. Ukifaili bila gharama yoyote, kodi yako ni 28,600. Unadaiwa 8,600 zaidi. Lakini kama ulitumia 90,000 kwa kazi hiyohiyo, komisheni ya ajenti, chumba cha kulala ukiwa kazini, mpiga picha, na unaweza kuthibitisha, kodi inashuka hadi 5,500. Hapo ni KRA wanaokudai? Hapana, ni wewe unayewadai 14,500. Kazi ileile, pesa ileile. Tofauti ni risiti.

Na hapa kwa risiti ndio nina neno na serikali. Tangu Januari 2024, gharama nyingi hazikubaliwi bila risiti ya eTIMS. Modo anayeishi Westlands anaita teksi ya programu, analala hoteli yenye mashine, kila kitu kina karatasi. Mimi boda wangu wa Ronge atatoa eTIMS wapi? Makanga wa Voi je? Nauli yangu ya mwaka ni gharama ya kweli kabisa, inatoka mfukoni kabla sijaingiza hata shilingi, lakini kwa macho ya mfumo haikutokea. Kadiri unavyotoka mbali ndivyo unavyolipa kodi kwa pesa ambayo hukubaki nayo. Hiyo si haki, na sitaipamba.

Kuna kundi lingine la kusemwa: wateja. Kuna mmoja aliniambia anakata asilimia 10 "ya KRA". Nikamwambia, "Boss, sheria ni 5, na naomba cheti." Akanyamaza siku mbili, halafu ile pesa yote ikaingia, bila kukatwa hata shilingi. Kumbe hakukuwa na KRA, kulikuwa na mfuko wake. Msichana wa miaka 19 kwa kazi yake ya kwanza hatauliza. Ataona herufi tatu za KRA na kuogopa. Kukata pesa ya mtu kwa jina la kodi na usiipeleke popote ni wizi, na tuuite hivyo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Kwani nilipie wizi wao? Hukuwa barabarani 2024?" Naelewa hasira hiyo. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa kwa sababu vijana walisimama, na wengine walilipa kwa maisha yao. Lakini angalia mwaka mmoja nyuma. Mswada wa 2023 ulitaka kukata watengenezaji maudhui asilimia 15. Watu wakapiga kelele, ikashuka hadi 5. Kelele ilifanya kazi kwa sababu watu walisoma wakajua ni nini kinawauma. Sisi tukifaili "nil" tunajiandika kwamba hatuko. Kwenye vitabu vya serikali, mamodo wa Ronge, Mwatate na Voi hawaingizi hata senti. Kesho ukienda kikao cha maoni useme sheria ya eTIMS inakuumiza, utaonyesha nini? Ritani ya sufuri?

Na yule anayesema "mimi nalipwa M-Pesa, hawanioni": PIN uliyochukua ya HELB inaonekana. Usipofaili, faini ni angalau 2,000 kwa kila mwaka, hata kama kodi yako ilikuwa sufuri. Kazi ya chini ya 24,000 pia ni mapato, iandike, pengine haitakutoza hata shilingi.

Kwa hivyo Juni hii: fungua iTax mwenyewe kwa simu. Ukikwama, enda Huduma Centre Wundanyi ukaulize, usimpe mtu wa saiba nywila. Tafuta vyeti vya kila mteja. Aliyekata na cheti hakipo, muulize kwa maandishi. Kazi mpya ukipewa, itisha bei kabla ya makato iandikwe kwa mkataba. Itisha eTIMS kila mahali inapopatikana, na pale isipopatikana, andika kwa daftari nauli zako zote, tarehe na kiasi. Daftari hilo KRA huenda wasilikubali leo. Lakini ndilo tutakalobeba siku tukienda kuwaambia wabunge kwamba boda hana mashine.

Mambo ya "nil" waachie wale ambao kweli hawakulipwa.