Stima ya Usiku Ina Bei Yake, Lakini Haijafika Umoja

Kwa miezi miwili nilikuwa napiga pasi saa tano usiku. Nguo za wiki nzima nazirundika kitandani, nangoja saa nne ipite, halafu ndiyo nachomeka pasi. Hata kuoga na shawa ya moto nilihamishia usiku. Nilikuwa nimesikia stima ya usiku ni nusu bei, na mimi na digrii yangu ya masoko nikaona hapa nimepata ofa ambayo ploti nzima haijaishtukia.

Tokeni hazikubadilika. Pesa ile ile, yuniti zile zile. Jirani aliyekuwa akiona taa yangu ikiwaka hadi usiku wa manane aliniuliza kuna nini. Nilipomweleza, alicheka: "Sasa hiyo mita yetu itajuaje ni usiku?"

Alisema ukweli. Bei ya usiku ipo Kenya, lakini si yetu. Viwanda vilianza kuipata Desemba 2017, kwa stima wanayotumia usiku kupita kiwango chao cha kawaida. Mwaka 2023, EPRA ilipoidhinisha bei mpya, wanaochaji magari na pikipiki za umeme nao wakawekewa yao: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa nyumbani hana kitu kama hicho. Kwake hakuna anayeuliza ametumia saa ngapi. Kinachoulizwa ni ametumia yuniti ngapi.

Mimi naona hilo linafaa kubadilika. Mvuke wa Olkaria haulali, lakini sisi tunalala, na usiku mwingine unaachiliwa tu hewani kwa kukosa watumiaji. Kisha jioni, tukishuka matatu kutoka tao, kila nyumba inawasha kila kitu kwa wakati mmoja. Kama mwenye kiwanda anashawishiwa kwa bei asogeze kazi yake, mama wa Kayole anayechemsha maharagwe kwa stima naye ashawishiwe.

Lakini hadi siku hiyo, usifanye kosa langu la kukimbizana na saa. Kimbizana na daraja. Tangu Aprili 2023, madaraja ya nyumbani ni matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Kila ukipanda, bei ya yuniti moja inapanda pia. Kenya Power huangalia wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo mwezi mmoja wa kujibana hautakuokoa. Na ile hadithi ya kununua tokeni mwanzo wa mwezi? Ilikuwa na maana enzi za ada ya kila mwezi, ambayo iliondolewa mwaka 2018.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe ya Eastlands. Wengi wetu tuko kwenye ploti yenye mita moja kubwa ya landilodi, na kila nyumba ina mita yake ndogo. Chukua ploti ya nyumba kumi na mbili, kila moja ikitumia yuniti 25. Kila mpangaji peke yake angekuwa daraja la chini kabisa. Lakini mita kubwa inasoma yuniti 300, na ploti yote inalipishwa kama mtu mmoja anayetumia stima nyingi. Anayetumia kidogo analipa bei ya anayetumia sana, na wala hajui.

Nilimwendea landilodi wetu. "Mzee, kila nyumba haiwezi kupata mita yake?" Akaniambia mita ni yake, na kama stima ni ghali nizime taa. Sikubishana. Jioni hiyo nilirudi kwenye simu yangu, nikajumlisha yuniti zote nilizonunua kwa miezi mitatu, nikagawanya kwa tatu. Nilipata 27. Majirani watano nao wakafanya hesabu hiyo, na wote walikuwa chini ya 30. Tulirudi kwake tukiwa sita, na karatasi moja. Bado hajakubali, lakini safari hii alikaa chini na kuisoma.

Kwa hivyo naomba usifute zile SMS za tokeni. Kila moja ina tarehe, yuniti na pesa uliyolipa. Fanya hesabu yako leo. Kama mita ni yako, utajua uko daraja gani. Kama ni ya landilodi, utajua ni kiasi gani cha kumwonyesha, na usiende peke yako.

Mimi siku hizi napiga pasi Jumamosi asubuhi, na usiku nalala.